Umri wa Yakini

Katika mambo yote ambayo mahakama huyapokea kutoka vinywani mwa watu, hapana lenye nguvu juu ya moyo wa msikilizaji kuliko neno la shahidi mwaminifu, asiye na kisasi wala tamaa, aliyeapa kwa Mola wake, kisha akamnyoshea kidole mtu aliyesimama kizimbani na kusema kwamba huyo ndiye. Hati zaweza kughushiwa, nyayo zaweza kufutika, na mawakili waweza kuwa na hila. Lakini mtu aliyeona kwa macho yake mwenyewe, akasema bila kutetereka, humwachia hakimu nafasi ndogo mno ya kusita. Nataka kuidadisi yakini hiyo: inatoka wapi, inakua vipi, na kama mwenye kuihisi ana haki ya kutudai sisi tuihisi pamoja naye.

Sheria za mataifa mengi, na sharia ya Kiislamu ambayo makadhi wa pwani yetu walihukumu kwayo kwa karne nyingi, zimejitahidi sana kumchuja shahidi kabla ya kumsadiki. Uadilifu wake uliulizwa kwa majirani, idadi ya mashahidi iliwekewa kiwango, kiapo kiliheshimiwa, na ushahidi wa uzushi ulihesabiwa miongoni mwa madhambi makubwa. Hekima hiyo ni kubwa, na sina nia ya kuipunguza. Ila sehemu kubwa ya juhudi hizo ilielekezwa kwa adui mmoja, naye ni uongo. Mwongo anaijua kweli na kuificha, kwa hiyo kiapo chaweza kumtia hofu na maswali makali yaweza kumfumania. Lakini yuko mtu wa namna nyingine, ambaye moyo wake ni safi, anaamini kila neno analolisema, na analolisema silo lililotokea. Kiapo hakimtishi, kwa sababu hakuna dhamiri ya kumsuta. Na maswali ya wakili, badala ya kumyumbisha, humzidishia uthabiti, kwa kuwa kila mara anapojibu huisikia tena sauti yake mwenyewe ikisema jambo lile lile.

Mwezi wa Julai mwaka 1984, katika mji wa Burlington, jimbo la North Carolina, Marekani, mwanamke kijana aliyekuwa mwanafunzi wa chuo alivamiwa usiku nyumbani kwake na mtu aliyemnajisi. Katika dhiki ile hakupotewa na akili. Aliukazia macho uso wa dhalimu wake kwa makusudi, akiazimia kuuhifadhi ili, akiokoka, aweze kumfikisha mbele ya sheria. Polisi walimwekea mezani picha sita, naye akazitazama kwa dakika kadhaa, akachagua picha ya kijana aitwaye Ronald Cotton. Baadaye lilifanywa gwaride la utambuzi, na katika watu wote waliopangwa mbele yake Cotton alikuwa peke yake ambaye sura yake ilikuwamo pia katika zile picha. Akamchagua tena, na akaambiwa kwamba huyo ndiye aliyemchagua mwanzo. Mwaka 1985 alisimama mahakamani akiwa hana shaka hata chembe, na Cotton akahukumiwa kifungo cha maisha. Shauri liliposikilizwa upya mwaka 1987, aliletwa mbele ya mwanamke yule mfungwa mwingine, Bobby Poole, akaulizwa kama anamjua, akajibu kwamba hajapata kumwona. Mwaka 1995 uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba aliyetenda uovu ule ni Poole. Cotton alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka kumi.

Sioni katika kisa hiki mtu wa kumlaumu kwa uongo. Mwanamke yule alifanya kila ambalo mtu mwema angaliweza kufanya. Lakini tukifuata njia iliyopitwa na yakini yake, tunakuta kwamba haikuzaliwa ikiwa kamili usiku ule wa Julai. Mbele ya picha ilikuwa changa, ikihitaji dakika za kutafakari na kulinganisha. Mbele ya gwaride ilipata nguvu, kwa kuwa sura iliyokuwa picha sasa ilikuwa mwili. Neno la polisi likaipa heshima. Na miezi ya kungoja shauri, ambamo kila alipoukumbuka uovu ule aliuona uso wa Cotton, ikaikomaza. Ilipofika mbele ya juri ilikuwa imetimia, na juri waliipokea kana kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Hapo ndipo lilipo kosa ninalotaka kulionesha: yakini ina umri na ina historia, nasi tuna mazoea ya kuipima siku inapofika mahakamani, bila kuuliza ililelewa na nani.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelithibitisha jambo hili kwa majaribio yaliyo wazi. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonesha wanafunzi filamu ya magari mawili yakipata ajali, kisha wakawauliza yalikuwa na mwendo gani. Wengine waliulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana, na wengine kwa kitenzi kizito chenye maana ya kubamizana na kupondeka. Wale waliosikia tamko zito walikadiria mwendo mkubwa zaidi. Baada ya juma moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na kioo kilichovunjika katika filamu ile. Hata hivyo, katika kila watu 50, 16 wa tamko zito walisema waliviona, na 7 tu wa tamko jepesi. Neno moja la muulizaji lilikuwa limeingia ndani ya hafidha na kukaa humo kama mwenyeji.

Linanishtua zaidi jaribio la Gary Wells na Amy Bradfield, lililochapishwa mwaka 1998. Watu walioneshwa filamu ya mhalifu, kisha wakapewa picha wamtambue, na mhalifu mwenyewe hakuwamo katika picha zile. Kwa hiyo kila aliyechagua alikosea. Baadhi yao wakaambiwa kwa upole kwamba wamemtambua mshukiwa vema. Walipoulizwa baadaye walikuwa na yakini kiasi gani wakati wa kuchagua, wale waliosifiwa walisema yakini yao ilikuwa kubwa tangu pale pale. Wakadai pia kwamba walimwona mhalifu vizuri zaidi na kumzingatia zaidi. Sifa ile ya maneno machache ilirudi nyuma ikaibadili hali ya jana. Shahidi wa namna hiyo hawezi hata kutusaidia kuichunguza historia ya yakini yake, maana historia yenyewe imekwisha andikwa upya ndani ya nafsi yake, naye hana habari.

Na wasikilizaji je? Nancy Pennington na Reid Hastie walionesha kwamba wajumbe wa juri huupanga ushahidi uwe hadithi yenye mwanzo, sababu na mwisho, kisha huiendea hukumu inayoafikiana na hadithi hiyo. Shahidi mwenye sauti thabiti huipa hadithi uti wa mgongo. Wasomi wa sheria wasidhani kwamba udhaifu huu ni wa watu wa kawaida pekee: Harry Kalven na Hans Zeisel wa Chuo Kikuu cha Chicago, katika kitabu chao cha mwaka 1966, walichungua mashauri ya jinai zaidi ya 3,500 wakakuta kwamba hakimu na juri waliafikiana katika zaidi ya robo tatu ya mashauri hayo.

Je, basi, tuukatae ushahidi wa macho? Hasha. Mwenye kusema hivyo atawaacha wanyonge wengi bila mtetezi, kwa maana madhalimu huchagua usiku na upweke, na mara nyingi aliyedhulumiwa ndiye shahidi wa pekee. Tena uchunguzi wa karibuni, hasa ule wa John Wixted na Gary Wells wa mwaka 2017, unatwambia kwamba yakini ya mara ya kwanza kabisa, ikichukuliwa kwa utaratibu ulio safi, ina thamani kubwa: anayetambua upesi na kwa uthabiti siku ile mara nyingi amepatia, na anayesita mara nyingi kusita kwake kuna maana. Kusita ni sehemu ya ushahidi, tena sehemu yenye insafu kuliko zote, kwa kuwa bado hakujaguswa na mtu mwingine. Yakini ni hali ya nafsi, na kweli ni hali ya mambo. Hukutana mara nyingi, lakini makutano yao yahitaji kuthibitishwa kila mara, wala hayawi haki ya mwenye sauti kubwa.

Mahakama zetu hazikulala katika jambo hili. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu mno usiotegemewa mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Ndiyo maana katika hukumu nyingi huulizwa umbali, muda, kama shahidi alimjua mtu huyo zamani, na kama mwanga ulikuwa wa mbalamwezi, wa koroboi au wa kandili, na ulikuwa mkali kiasi gani. Mahakama hiyo pia imethamini sana shahidi aliyemtaja mshukiwa mapema, mara tu alipopata nafasi. Nayaona maswali hayo kuwa ni fahari ya sheria yetu, na natamani liongezwe moja: shahidi alikuwa na yakini kiasi gani mara ya kwanza, na nani aliyaandika maneno yake?

Kwa hiyo namsihi kila askari akaaye na kalamu mbele ya mtu aliyetoka kudhulumiwa, ayaandike maneno yake ya kwanza kama yalivyotoka, pamoja na kusita kwake, asiyanyoshe wala asiyapambe. Asimwambie kwamba amechagua vema. Na gwaride lisimamiwe na mtu asiyemjua mshukiwa ni yupi. Namsihi hakimu ayaitishe maandishi hayo na kuyapima kabla hajaisadiki sauti iliyo mbele yake. Na wewe msomaji, ukiitwa siku moja kuwa shahidi, ukaulizwa juu ya uso ambao hukuuona barabara, sema kwamba hukuuona barabara, hata kama mbele yako ameketi mtu aliyedhulumiwa anayelitumaini neno lako.