Shangazi wa Ng'ambo ya Mpaka

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya juu ya mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Walungu na Wamambwe, ambao mpaka ulipita katikati yao, hawakuulizwa. Ndiyo maana hata leo mtu wa Mwimbi, wilayani Kalambo, aweza kuwa na shangazi Mbala, katika Zambia. Huoleana, huzikana, husaidiana wakati wa njaa. Katika hayo hakuna kosa.

Lakini kijana wa huko akiomba kazi katika polisi, jeshi au ofisi itunzayo siri za Serikali, hufanyiwa upekuzi: wazazi wake walizaliwa wapi? Ndugu zake wanakaa wapi? Wengine hunung'unika wakisema, "Je, kuwa na shangazi Zambia ni uhaini?" Wengine husema, "Mwenye ndugu nje asiaminiwe kamwe." Twaona kwamba wote wawili wamekosa.

Yafaa kwanza tutenge mambo mawili. Uraia ni ahadi ya utii. Undugu si ahadi, mtu huzaliwa nao. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Zambia iliuruhusu mwaka 2016. Kenya iliuruhusu mwaka 2010, lakini Katiba yake, kifungu cha 78, kwa kawaida huwanyima maofisa wa Dola na askari wa ulinzi. Katazo la namna hii ni la haki. Mwenye kutunza siri za nchi hawezi kuahidi utii kwa nchi mbili. Siku zitakapogombana, lazima aisaliti mojawapo.

Undugu ni jambo jingine. Hatari si shangazi, bali ni shangazi anayefichwa. Adui akiijua siri ya mtumishi humtisha: "Nipe habari, ama nitakuumbua." Aliyekwisha kusema kweli hatishiki kwa neno hilo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hata hivyo, wapekuzi nao wana wajibu. Mtu akiadhibiwa kwa kusema kweli, wenzake watajifunza kuficha, na Serikali itakuwa imejitengenezea hatari iliyokuwa ikiikimbia. Mwaka 2001 mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyewahi kuwa mbunge, alitangazwa kuwa si raia, na hoja ilikuwa asili ya wazazi wake. Twauliza: ikiwa utumishi wa miaka mingi hauna uzito mbele ya mahali alipozaliwa baba, nani wa mpakani atalala kwa amani?

Haki yataka mtu apimwe kwa ahadi yake, ukweli wake na matendo yake. Nanyi wazazi wa mipakani, waandikisheni watoto mara wazaliwapo, mkatunze vyeti vyao. Tena wafundisheni kumtaja shangazi bila hofu wanapoulizwa.