Utulivu ni Deni la Nani?

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Methali hiyo, tuifundishayo madarasani, huthibitika katika nyumba nyingi za Kigali zenye binti mwenye usonji. Msichana mpole, asemaye kwa sauti ndogo, husifiwa sana nchini Rwanda. Basi binti akaaye kimya darasani, akiwaiga wenzake namna ya kucheka na kusalimia, huhesabiwa kuwa mwenye adabu, wala taabu yake haionekani. Arudipo nyumbani nguvu zimekwisha, na neno dogo tu humliza kwa mayowe.

Ndiyo maana aghalabu wasichana huchelewa kutambuliwa. Daktari Leo Kanner alipoandika huko Marekani, mwaka 1943, juu ya watoto 11 wenye hali hii, watatu tu walikuwa wasichana. Kwa miaka mingi baadaye akina mama walilaumiwa kwamba ubaridi wa mioyo yao ndio chanzo, lawama ambayo elimu ya leo imeikataa.

Tuchukue mfano. Shule nyingi za Rwanda huwataka wanafunzi, wa kike kwa wa kiume, wawe na nywele fupi. Muhula ukaribiapo, mzazi humwarifu binti kwamba kesho watakwenda kwa kinyozi. Kwa binti huyu, mvumo wa mashine kichwani waweza kuwa maumivu hasa, si deko. Hukataa kwa kelele, naye mzazi hupaza sauti: "Tulia!" Hapo ndipo lilipo swali letu: ni nani adaiwaye utulivu kwanza?

Wako watakaojibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Hoja yao ina uzito, kwani mtoto asiyefunzwa mipaka hupata taabu ukubwani. Lakini aliyezidiwa hasikii funzo lolote. Mzazi atuliaye hajasalimu amri. Kanuni hubaki, ila wakati na njia ya kuizungumzia hubadilika: sauti hushushwa, maneno hupunguzwa, binti halazimishwi kumtazama mtu machoni, na shauri huahirishwa hadi pumzi zirudi. Kisha huenda wakapatana juu ya mkasi badala ya mashine, au saa ambayo kwa kinyozi hakuna watu.

Hata hivyo, kutulia si kujificha. Wanyarwanda husema, "Amarira y'umugabo atemba ajya mu nda", yaani machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Methali hiyo husifu ustahimilivu. Lakini mzazi afichaye kila uchungu humfunza kujificha binti ambaye kujificha kumekwisha kumchosha. Ni heri aseme wazi: "Mwanangu, nimekasirika, ngoja nipumue, kisha tutazungumza." Naye asiachwe peke yake. Jirani amshikiaye mtoto kwa saa moja humsaidia kuliko yule anenaye juu ya malezi mabaya.

Katika kila mazungumzo, mwenye nguvu zaidi ndiye adaiwaye kwanza. Utulivu, basi, ni deni la mtu mzima kabla haujawa wajibu wa mtoto. Sisi walimu nasi tumo katika deni hilo: kabla ya kumsifu msichana kwa kimya chake, hatuna budi kuuliza kimemgharimu nini.