Je, Kodi ni Wizi?



Wako miongoni mwetu wasemao kwamba kodi ni wizi wenye risiti. Kwa hoja hiyo mtu hupakia mchele, sukari na mafuta ya kula jahazini kutoka Unguja, akashusha usiku katika bandari bubu baina ya Kunduchi na Bagamoyo, na alfajiri akasimama safu ya kwanza msikitini bila ya moyo kumsuta. Yafaa tuipime hoja hii.

Tusiibeze, kwani ina asili yake. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ilipokuja kushika forodha na utawala wa Mwambao, watu wa Pangani na Bagamoyo walishika silaha, na Bushiri bin Salim akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Asiyekuwa na fedha alifanyizwa kazi. Mali ilichukuliwa kwa nguvu na mgeni asiyekuwa na haki nayo. Wazee wetu walipoiita dhuluma, hawakukosea.

Lakini wizi ni kuchukua mali ya mtu pasipo haki. Basi la kuuliza ni hili: inachukuliwa kwa haki gani? Zaka ya fedha na ya biashara, fungu 1 katika 40, ni faradhi, na wenye kustahiki zaka ni aina 8 zilizotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60. Zaidi ya hapo wanavyuoni wamehitilafiana. Wako waliokataa, kwani Mtume (s.a.w.) amewaonya vikali watoza ushuru wa dhuluma. Wengine, kama Imamu Ghazali, wameruhusu pale hazina inapokuwa tupu na umma una shida.

Tazama yaliyotokea Misri. Baghdad ilikuwa imekwisha angukia mikononi mwa Wamongolia mwaka 1258, na mtawala Qutuz akataka kutoza raia kwa ajili ya vita. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam alimjibu kuwa inajuzu, ila kwa sharti: kwanza wakubwa watoe dhahabu na mapambo yao, wabaki sawa na watu wa kawaida. Hapo ndipo raia waombwe.

Hicho ndicho kipimo. Kodi ya haja ya kweli, itozwayo kwa uwezo wa mtu na kutumiwa kwa amana, si wizi. Ikiingia mfukoni mwa mkubwa, ni wizi hata ikipitishwa na sheria. Ndiyo maana tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021, raia walikuwa na haki ya kunung'unika, na mwaka ule ule zikapunguzwa.

Na yule wa bandari bubu? Atasema, "Wakubwa wanakula, nami nijiokoe." Ndugu yangu, mkubwa mla rushwa hapungukiwi kitu kwa gunia lako la sukari. Apungukiwaye ni mwenye duka jirani aliyelipa ushuru akashindwa kuuza kwa bei yako, na mzazi aliyefika zahanati akaambiwa dawa zimekwisha. Dhuluma ya mwenzio haikuhalalishii yako.

Lipa, udai risiti, kisha uulize hesabu mkutanoni bila ya woga. Kunyamaza nako ni kumsaidia mwizi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kula cha halali, na awape wenye kushika mali ya umma hofu ya Siku ya Hesabu. Amin.