Nilimkosea Nani?

Likizo iliyopita nilipewa kazi ya kutunza tangi la samaki wa maji ya chumvi katika nyumba ya mzee mmoja hapa Kampala, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mombasa. Tangi lilikuwa dogo, lita 60 tu. Ndani yake mlikuwa na samaki wawili, mawe, na tumbawe moja la aina iitwayo tumbawe-uyoga: nyama laini ya mviringo, rangi ya buluu, pana kama kifuniko cha chupa ya jemu, iliyoshika jiwe kwa wayo wake. Kabla ya kusafiri mzee aliniagiza mambo matatu. Joto la maji lisipite digrii 26. Maji yakipungua niongeze maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuwa mvuke hupaa na chumvi hubaki. Na tumbawe nisilisogeze.

Agizo la tatu sikulitii. Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: kwa kutolitii, nilimkosea nani?

Nililiinua jiwe lenye tumbawe nikaliweka juu, karibu na taa, ili wenzangu wakija walione vizuri. Sikujua kwamba tumbawe-uyoga hupenda mwanga hafifu na maji yanayotembea polepole. Ndani ya nyama yake huishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao. Mwanga ukizidi, ushirika huo huharibika. Baada ya siku nne tumbawe lilinywea na kingo zake zikajikunja. Siku ya sita nusu ya wayo ilikuwa imeachia jiwe.

Hapo ningeweza kujiuliza kwa nini linaachia. Badala yake nilikwenda dukani nikanunua supaglu.

Wanaofuga matumbawe haya wanajua kwamba gundi hailishiki. Mwili wake umefunikwa na ute, gundi hushika ute, na tumbawe huuvua ute huo kama mtu anavyovua koti. Mimi nilipaka nyingi, likakaa siku mbili. Jioni ya siku ya pili mzee alirudi, akalitazama tangi, akasema, "Ahsante, mwanangu, umetunza vizuri." Nikapokea ujira wangu. Usiku ule tumbawe lilijichana, likaelea, likavutwa na pampu na kusagika. Asubuhi maji yalikuwa meupe kama ya mchele ulioshwa.

Nilikwenda kukiri. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema dawa ya deni ni kulipa. Nikarudisha sehemu ya ujira, yeye akasema yameisha. Kati yetu wawili yaliisha kweli, na hata sasa tunazungumza vizuri. Lakini mimi niliondoka nikihisi kwamba kuna mwingine ambaye sijamlipa, na hisia hiyo ikanisumbua kwa sababu sikuweza kuitetea.

Immanuel Kant angeniambia kwamba hakuna mwingine. Alifundisha kwamba wajibu tulio nao kuhusu wanyama ni wajibu kwetu sisi wanadamu: anayezoea ukatili kwa mnyama hujifunza kuwa mkatili kwa watu. Kwa maoni yake kosa langu lingekuwa ule uongo wa gundi, na nakubali kwamba ulikuwa uongo, ingawa sikutamka neno. Peter Singer, katika kitabu chake Animal Liberation cha mwaka 1975, anakwenda mbali kuliko Kant, lakini kipimo chake ni uwezo wa kuhisi maumivu, na mpaka aliuweka mahali fulani kati ya kamba na chaza. Tumbawe linabaki ng'ambo ya mpaka huo. Lina neva zilizotandaa kama wavu, ila halina ubongo. Kama hakuna anayeumia, Singer hana kesi ya kusikiliza.

Hata lugha yetu inaelekea huko. Nilipomsimulia mwenzangu wa darasani nilisema "tumbawe amekufa", akanisahihisha: "limekufa". Samaki, inzi na hata chawa hupata a- na wa-, ila mnyama huyu tunamweka pamoja na jiwe na jembe. Sababu naiona. Kwa watu wa pwani tumbawe ni jiwe la kujengea. Misikiti ya kale ya Kilwa na majumba ya Gedi yalijengwa kwa mawe hayo. Lakini tumbawe-uyoga halijengi jiwe lolote, ni nyama tupu. Katika insha hii naandika "limekufa" kwa sababu nataka alama za sarufi, si kwa sababu sarufi imenijibu.

Aliyenisaidia zaidi ni Paul Taylor, ambaye mwaka 1986 aliandika kwamba kila kiumbe hai, awe na hisia au asiwe nazo, ana heri yake mwenyewe anayoielekea. Hilo nililiona kwa macho. Tumbawe liliponyewea halikuwa linalia, lakini mambo yalikuwa mabaya kwake, si kwangu wala kwa mzee. Hata hivyo Taylor hanitoshelezi. Mwaka 1991 meli ya uvuvi ilikwama kwenye kisiwa cha Palmyra katika Bahari ya Pasifiki. Chuma chake kilipoliwa na kutu, matumbawe-uyoga ya jamii ya Rhodactis yaliongezeka kupita kiasi yakafunika mwamba na kuyasonga matumbawe mengine, na miaka ishirini na zaidi baadaye mabaki ya meli yakaondolewa ili kuyapunguza. Kama ningekuwa Palmyra na nikapewa kisu nikwangue, ningekwangua bila kukosa usingizi. Heri ya kiumbe yule ni ileile kule na huku. Basi kwa nini wajibu wangu usiwe uleule?

Nadhani jibu liko katika maana ya kuachia. Tumbawe-uyoga haliwezi kukimbia wala kupiga kelele, lakini linaweza kufanya jambo moja: mahali pakiwa pabaya, hufungua wayo na kujitoa. Baharini jambo hilo lina faida. Mkondo hulibeba, na huenda likatua penye kivuli na kushika upya. Ndani ya lita 60 hakuna mkondo wa kulipeleka popote, kuna pampu tu. Sisi tuliolitia humo hatukuliondolea uwezo wa kuachia, tuliondoa bahari iliyoupa uwezo huo maana. Anayefanya hivyo amejitwika kazi ya bahari. Hapo ndipo ninapoliona deni, na ndiyo maana Palmyra sikudaiwa: kule bahari bado ipo.

Kazi hiyo si ngumu, ni ya subira tu. Pampu hufunikwa sifongo. Tumbawe lililoachia huwekwa kwenye bakuli lenye vijiwe, mahali pa kivuli pasipo na maji ya nguvu, na juu yake hufungwa kipande cha chandarua ili lisielee. Baada ya wiki moja au mbili hushika lenyewe kijiwe lilichokipenda. Ajabu ni kwamba hakuna mtu anayeweza kulibandika, unaweza tu kuliandalia mahali. Mimi nililibandika palepale lilipopakimbia. Lilikuwa limeshatoa jibu, mimi nikalipaka gundi jibu hilo.

Mtu anaweza kusema kwamba ninalitia tumbawe maneno mdomoni. Labda. Lakini fundi anayeona mlango unakwama haamini kwamba mlango una akili, na bado anajua kuna jambo la kuangalia.

Miezi mitatu baadaye mzee alinipigia simu. Kwenye lile jiwe, katika mabaki ya wayo uliochanika, vilikuwa vimeota viduara vitatu vya buluu, kila kimoja kama punje ya dengu. Ndivyo matumbawe haya yanavyozaana. Kama ni yuleyule au ni watoto wake sijui nisemeje, na sidhani deni linapungua kwa hilo. Mzee alisema nikitaka nije nivitunze. Viwili vimeshika vizuri. Cha tatu kiliachia, kipo ndani ya bakuli chini ya chandarua, nami huenda kukitazama kila Jumamosi. Jumamosi iliyopita kilikuwa hakijashika.