Hodi ya Angani

Katika mila zetu za pwani, mgeni hubisha hodi mara tatu. Asipojibiwa, hurejea alikotoka. Hasukumi mlango kwa hoja kwamba nyumba imenyamaza. Huenda aliyemo ndani anasali, au anauguza, au hapendi tu kuonwa saa ile. Kimya cha mwenye nyumba si ruhusa.

Adabu hii imenijia akilini kwa jambo linalotendeka juu ya mapaa yetu. Masafa ya redio, ambayo ndiyo njia ya simu, televisheni na setilaiti, yamegawanywa kwa sheria, na mafungu mengi yana wenyewe. Lakini wenyewe hawayatumii kila saa wala kila mahali. Mwaka 1999 Joseph Mitola wa Marekani, pamoja na Gerald Maguire, alieleza habari za redio yenye utambuzi: chombo kinachosikiliza kwanza, kikakuta fungu liko wazi, kikalitumia, na mwenyewe akirudi kikampisha. Kuanzia 2012 watafiti wa Ulaya, katika mradi wa CoRaSat, waliichunguza njia hiyo kwa setilaiti, ili madishi yake yashiriki masafa na minara ya ardhini.

Hoja ya wanaoitaka ni nzito. Kuacha nafaka ioze ghalani na jirani ana njaa ni israfu. Na masafa, ingawa hayaozi, saa yake ikipita bure hairudi. Hata hivyo tujiulize: nani kasema kwamba asiyesikika hayupo?

Mtambo unaopokea tu hautoi sauti. Mnara unaongojea ujumbe hafifu, na darubini ya redio inayotega sikio kwa nyota, vyote vimenyamaza kwa sababu vinasikiliza. Dishi linalorusha mawimbi kwenda kwenye setilaiti laweza kutega sikio, likakuta kimya, likanena. Kumbe limemziba jirani masikio. Ndiyo maana watafiti wale hawakutosheka na kusikiliza. Walitaka pia daftari la kuonyesha nani yuko wapi, na anatumia fungu lipi.

Lakini daftari huandika jina la aliyekwisha kufika. Mwaka 1976, mjini Bogotá, nchi kadhaa za ikweta, zikiwamo Kenya, Uganda na Zaire ya wakati huo, zilidai kuwa njia ya setilaiti iliyo kiasi cha kilomita 36,000 juu yao ni mali yao. Dai hilo halikukubaliwa, nami sioni kwamba mbingu zina mwenyewe miongoni mwa wanadamu. Ila ndani yake mlikuwa na swali la haki ambalo halijazeeka: aliyecheleweshwa na ufukara, siku akifika atakuta pa kuketi? Kimya chake nacho kilihesabiwa kuwa ni utupu.

Kwa hiyo sikatai ushirika. Naukataa ule unaotosheka na sikio. Anayetaka kuazima nafasi ya mwenziwe na asikilize, kisha aulize, kisha awe tayari kuondoka bila kusukumwa. Na wanaoshika daftari waache kurasa kwa ambao bado wako njiani. Wazee wetu walilijua hilo walipotufundisha kurudi kutoka mlango usioitika, ingawa walifikiria nyumba tu.