Kijana Aliyeigiza Jina Lake

Miongoni mwa mambo ambayo akili huyapita mbio kwa kudhani kwamba yamekwisha kueleweka ni hili la kudumu: ni kitu gani hasa hudumu tunaposema kwamba mwimbaji fulani amedumu? Sauti haidumu, kwani koo huchoka kama kiungo kingine chochote. Sura haidumu, na kwa mwimbaji aliyependwa na wasichana kwa ajili ya sura huo ndio msiba wa kwanza. Wala nyimbo peke yake si jawabu, maana wimbo waweza kuishi miaka mingi ilhali aliyeuimba amesahauliwa yungali hai. Wazee wetu walikwisha kata shauri kwa kusema ngoma ivumayo haidumu, na kwa wengi wa vijana walioimbishwa huko Marekani baina ya 1957 na 1963, wakavuma msimu mmoja au miwili kisha wakanyamaza, methali hiyo ilisadifu barabara. Lakini methali ni hukumu ya jumla, na tafakuri huanza pale hukumu ya jumla inapokutana na mtu mmoja isiyemwenea. Mtu ninayemkusudia hapa ni Ricky Nelson.

Alizaliwa Teaneck, New Jersey, tarehe 8 Mei 1940, akapewa jina la Eric Hilliard Nelson. Baba yake, Ozzie, alikuwa kiongozi wa bendi ya dansi, na mama yake, Harriet, mwimbaji wa bendi hiyo hiyo. Mwaka 1944 wazazi hao walianzisha mchezo wa redio uliosimulia maisha ya jamaa ya Nelson, yaani maisha yao wenyewe yaliyopigwa msasa na kutiwa mzaha. Na kwa kuwa watoto wao wawili walikuwa wadogo mno, sehemu za watoto hao ziliigizwa na watoto wa watu wengine, hata ulipofika 1949 ndipo David na Ricky waliporuhusiwa kujiigiza wenyewe. Namwomba msomaji alizingatie jambo hili kwa utulivu, kwa maana ni nadra kupata mfano ulio bayana kuliko huu: mtoto wa miaka 8 anaingia katika studio kumpokea kazi ya kuwa Ricky Nelson mtoto mwingine aliyekuwa Ricky Nelson kabla yake, na anapofungua karatasi alizopewa anakuta kwamba utundu wa huyo Ricky, majibu yake ya kuchekesha na namna yake ya kumkabili baba, vyote vimekwisha kuandikwa na huyo baba, na vimekwisha kuzoeleka katika masikio ya nchi nzima. Wengi wetu hupewa jina na wazazi, kisha tukaachiwa kulijaza kwa matendo yetu. Huyu alipewa jina lililokwisha kujazwa.

Mwaka 1952 mchezo ulihamia kwenye televisheni, ukaendelea huko mpaka 1966. Vyumba vya studio vilijengwa kwa mfano wa nyumba yao ya kweli ya Hollywood, hata kijana aliyetoka sebuleni kwao asubuhi alifika kazini akaikuta sebule ile ile, isipokuwa imekosa ukuta mmoja, na mahali pa ukuta huo pamesimama kamera.

Uimbaji nao ulianza kwa njia hiyo hiyo ya kuazima. Kwa kadiri alivyosimulia mwenyewe, msichana aliyekuwa akitembea naye alimsifu Elvis Presley mbele yake, naye kwa wivu akajibu kwamba hata yeye yu mbioni kutoa santuri, jambo ambalo halikuwa na asili wala fasili. Tarehe 10 Aprili 1957, akiwa hajatimiza miaka 17, aliimba katika mchezo wa baba yake wimbo wa Fats Domino, na punde si punde jina lake likawa limetapakaa. Alichukuliwa na kampuni ya Imperial, ile ile iliyotoa santuri za Fats Domino, na mwezi Agosti 1958, gazeti la Billboard lilipochapisha kwa mara ya kwanza orodha yake ya nyimbo 100, wimbo uliokaa juu ya zote ulikuwa wake, "Poor Little Fool", uliotungwa na msichana wa rika lake, Sharon Sheeley. Mwaka 1961 zikafuata "Travelin' Man" na "Hello Mary Lou", na hii ya pili ilitungwa na Gene Pitney. Haitakuwa insafu kusema kwamba hakuwa na kipawa. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikuwa na uongo ndani yake, na sikio lake lilikuwa zuri zaidi ya sauti, kwani ndilo lililomtambua James Burton, kijana mpiga gitaa kutoka Louisiana, ambaye mpigo wake wa katikati ya "Hello Mary Lou" mpaka leo wapiga gitaa hujifunza kuuiga nota kwa nota. Walakini ukivihesabu vilivyokuwamo katika fahari ile, utaona kwamba utunzi ni wa wengine, gitaa ni la mwingine, jukwaa ni la baba, jina lilikwisha kutumiwa na mtoto mwingine. Kilichokuwa chake halisi ni sura, nayo pia ni hiba ya wazazi.

Hapa ndipo ninapoiona maana ya ndani ya kuwa kipenzi cha vijana. Watu hudhani kwamba udhaifu wa hali hiyo ni kupendwa bila kustahili. Mimi naona udhaifu wake uko penginepo, nao ni kwamba mtu huyo hawezi kukataliwa. Akichokwa, kilichochokwa ni msimu. Akiachwa, aliyeachwa ni yule aliyetungwa na wakubwa wake. Yeye mwenyewe hajaleta kitu mbele ya watu ambacho wangeweza kukitazama usoni na kusema hawakitaki. Kukataliwa ni daraja, na ni lazima mtu aifikie kwa kutoa kilicho chake. Mtunzi mbaya kabisa, mwenye wimbo mmoja aliouandika usiku kwa kalamu yake akazomewa asubuhi, ana heshima moja ambayo kipenzi wa mamilioni hana.

Ricky, nadhani, alilihisi jambo hili kabla ya kulijua. Alipotimiza miaka 21 alitaka aitwe Rick, na wako waliocheka, kwa kuwa kweli ni mapinduzi madogo hayo. Kisha mwaka 1964 wakaja Marekani wale vijana wanne wa Liverpool, ambao aghalabu ya nyimbo zao walizitunga wenyewe, na soko la vijana waliotungiwa likafungwa takriban siku moja. Alijaribu nyimbo za mtindo wa kantri kwa santuri mbili, 1966 na 1967, bila kupata soko. Mwaka 1969 aliunda bendi mpya, Stone Canyon Band, iliyokuwa na Tom Brumley aliyepiga gitaa lile la chuma linalolia kwa mtelezo, na katika 1970 akatoa santuri aliyoiita "Rick Sings Nelson", ambayo nyimbo zake zote, kutoka ya kwanza hata ya mwisho, zilikuwa utunzi wake mwenyewe. Kwa umri wa miaka 30, jina lile aliloachiwa na mtoto mwingine likapata kwa mara ya kwanza santuri nzima iliyoandikwa na mwenyewe. Wanunuzi hawakuijali.

Atatokea mtu aniulize: je, wadai kwamba kutunga ndiko kudumu? Sidai hivyo, na wa kunizuia yuko papo hapo. Paul Anka, mzaliwa wa Ottawa, Kanada, wa ukoo uliotoka Shamu, alikuwa kipenzi cha vijana katika mwaka ule ule wa 1957, na wimbo wake "Diana" aliutunga mwenyewe. Basi yeye alianza na kalamu mkononi, na uhai wake mrefu aliupata kwa kuwapa wengine matunda ya kalamu hiyo, kama vile maneno ya Kiingereza ya "My Way", aliyoyapachika katika lahani ya Kifaransa ili Frank Sinatra ayaimbe, santuri ikatoka 1969. Anka alikuwa fundi aliyeuza kazi nzuri, na fundi hana haja ya kujiuliza yeye ni nani. Swali la Nelson lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa kwake yeye kalamu haikuwa chombo cha riziki kwanza, ilikuwa hati ya kudai umiliki.

Hati hiyo ilifikishwa barazani tarehe 15 Oktoba 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Tamasha lilitangazwa kuwa la kufufua nyimbo za zamani, na jukwaa lilikuwa na wakongwe kama Chuck Berry na Bo Diddley. Akatokea Nelson, nywele zimefika mabegani, akaimba baadhi ya zile walizozijua. Alipoingia katika wimbo wa Rolling Stones wa mtindo wa kantri, kukasikika zomeazomea, akamaliza akaondoka.

Sasa jambo la ajabu ni kwamba mpaka leo haijathibitika nani alizomewa. Wako wasemao kwamba polisi walikuwa wakiwatoa kwa nguvu watu waliolewa upande wa nyuma, na kwamba kelele zile ziliwahusu askari, hazikumhusu mwimbaji. Yamkini ni kweli. Lakini fikiri: mtu aliyeishi miaka 14 katika sebule yenye ukuta mmoja pungufu, ambaye kila kicheko alichokisikia kilikuwa kimeandaliwa, hatimaye anasikia sauti ya umati isiyoandikwa na mtu, naye anaipokea kuwa ni yake. Ikiwa alikosea kusikia, basi alikosea kwa sababu alikuwa tayari kukataliwa, na utayari huo ndio nilioutafuta katika maisha yake yote ya nyuma nisiuone. Binadamu hubadilishwa na aliyoyaelewa, na mara nyingi aliyoyaelewa hayalingani na yaliyotokea. Wanahistoria hilo huwakera, bali washairi huishi kwalo.

Wala nisiisahau haki ya hadhira, kwa kuwa waandishi tuna tabia ya kumpa msanii haki yote na kuwafanya wasikilizaji kuwa wajinga. Aliyelipa kiingilio katika tamasha la nyimbo za zamani ana hoja akizitaka nyimbo za zamani. Zaidi ya hayo, jina la mwimbaji ni mali ya shirika: nusu ameiweka yeye kwa sauti yake, nusu wameiweka wasikilizaji kwa ujana wao, kwa barua zao, kwa ile jioni ambayo wimbo fulani ulikuwa ukilia walipoposana. Wanapodai wimbo ule ule kwa namna ile ile, hawadai uvivu wa msanii. Wanadai amana yao. Na sisi huku pwani, tunaomkatiza mwimbaji wa taarabu arusini ili arudie ule wa zamani, hatuna uso wa kuwalaumu watu wa New York. Taksiri ya hadhira huanza pale tu inapodhani kwamba hisa yake ni mali nzima.

Jibu la Nelson lilitoka 1972, nalo ni wimbo, "Garden Party", aliouandika mwenyewe juu ya usiku ule. Hakutukana mtu. Alisimulia karamu kwa upole, akawataja waalikwa kwa mafumbo ambayo mtu wa pwani angeyafurahia, kwa kuwa majina yamefunikwa nusu na kufunuliwa nusu, akafikia jambo ambalo Waarabu walilisema karne nyingi kabla yake, kwamba ridhaa ya watu wote ni lengo lisilofikika. Wimbo ulipanda hata nafasi ya 6 katika orodha ile ile ya Billboard, na ndio wa mwisho wake kufika juu kiasi hicho. Kukataliwa, au dhana ya kukataliwa, kukawa malighafi. Na kitu kilichofanyizwa kwa malighafi hiyo hakingeweza kutungwa na Ozzie, wala na Sharon Sheeley, wala na Gene Pitney, maana hakuna mwingine aliyekuwa amesimama pale.

Kwa hiyo nasema: kinachodumu katika mwimbaji ni uwezo wa kusema jambo ambalo lisingesemwa kama yeye asingekuwako. Kwa mizani hii mwimbaji asiyetunga hata beti moja aweza kudumu, kwa namna anavyouvuta pumzi wimbo wa mwenziwe, na mtunzi wa mamia ya nyimbo aweza asidumu.

Lakini hoja hii ina ugumu wake, nami sitauficha. Wimbo ule uliokataa kuwa kumbukumbu ukawa kumbukumbu nao, na watu wakaja ukumbini kuudai kama walivyoudai "Hello Mary Lou". Tena katika miaka yake ya mwisho Nelson alizirudia nyimbo za ujana wake kwa furaha iliyo dhahiri, na mwaka 1985 alipanda jukwaa moja na Fats Domino, yule ambaye wimbo wake ndio alioanzia. Je, alikuwa amesalimu amri? Alihitaji riziki, hilo halina shaka, kwani alikuwa safarini karibu mwaka mzima. Hata hivyo, naona tofauti kubwa kati ya kuimba wimbo kwa sababu huna mwingine na kuuimba ilhali umekwisha kuthibitisha kwamba waweza kuuacha. Kwa nje matendo mawili hayo ni mamoja. Anayeyapambanua ni dhamiri, na pengine msikilizaji mmoja mwenye sikio jema katika mstari wa nyuma.

Alifariki tarehe 31 Desemba 1985, ndege yake ilipoanguka karibu na De Kalb, Texas, akielekea Dallas kuimba katika mkesha wa mwaka mpya. Alikuwa na miaka 45. Mwaka 1987 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, na aliyemtambulisha alikuwa mtunzi, John Fogerty.

Mwenye kutaka kunipinga namkaribisha, ila asianze na "Garden Party", kwa kuwa huo una kisa, na kisa humsaidia mwimbaji. Aitafute kwanza ile santuri ya 1970 ambayo wanunuzi waliipita, aisikilize mara mbili, kisha aje tubishane.