Mashine Iliyonyamaza Popo Wakipiga Kelele

Donald Griffin alikuwa bado mwanafunzi wa Harvard alipobeba kizimba cha popo mpaka maabara ya Profesa George Pierce. Mzee huyo, bingwa wa mambo ya redio, alikuwa ameunda mashine ya kusikiliza sauti za wadudu zilizo nyembamba mno kwa sikio la mtu. Kizimba kikawekwa mbele ya maikrofoni, na papo hapo spika ikafoka. Kumbe wanyama waliodhaniwa kimya walikuwa wakipiga zogo muda wote.

Wakawafungulia popo waruke humo chumbani. Ajabu, mashine ikanyamaza, ila mara mojamoja ikakohoa. Basi katika makala yao ya mwaka 1938 hawakuthubutu kusema kwamba popo hutafuta njia kwa sauti hizo. Waliona huenda ni miito tu ya kuitana. Fumbo la jinsi popo wanavyojua njia gizani, lililowasumbua wataalamu tangu Spallanzani wa Italia, karne ya 18, lilikuwa limefika mezani kwao, nao wakaliacha lipite.

Popo hawakuwa wamenyamaza. Maikrofoni ya Pierce ilikuwa na bakuli la kukusanyia sauti, hivyo ilisikia upande mmoja tu. Popo naye hutupa sauti mbele ya kinywa chake, kama mwanga wa tochi. Akipinda kidogo, sauti inapita kando na mashine haina habari. Miaka michache baadaye Griffin alirudi kazini na mwenzake Robert Galambos. Walining'iniza nyaya chumbani, wakawaziba popo masikio au kuwafunga vinywa, na popo wakagonga nyaya ovyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1941.

Kama watu wa Harvard walipotoshwa na bakuli, fundi wa sebuleni anayejiundia kifaa cha kusikiliza popo ana hatari zaidi, maana siku hizi mtego uko kwenye spea yenyewe. Sensa rahisi kuliko zote ni ile ya kilohezi 40, inayotumika kwenye vipima umbali vya roboti. Ukiiunganisha na kikuza sauti, kisha na chipu ya 4040 inayogawa masafa kwa 16, sauti ya kilohezi 40 inashuka hadi kilohezi 2.5, na sikio linaipata bila shida. Saketi nzuri, ya bei nafuu, na mara ya kwanza inapotoa mlio wa popo mtu hujiona amefungua mlango wa peponi.

Lakini sensa hiyo imetengenezwa iitikie masafa yaleyale ya 40 na jirani zake tu. Chukua Uingereza, ambako wapo popo wadogo wa aina mbili wanaofanana hata wakahesabiwa aina moja mpaka miaka ya 1990, sauti zao zilipowafichua: mmoja hulia karibu na kilohezi 45, mwingine 55. Wa kwanza utamsikia. Wa pili anaweza kupita juu ya kichwa chako usipate kitu, nawe ukaenda zako ukisema bustani hii ina aina moja. Popo-kiatufarasi mdogo, anayelia karibu na kilohezi 110, ndiye usimtaje kabisa.

Kwetu kuna kosa la upande wa pili. Anayeelekeza kifaa chake kwa popo wa matunda wa Kampala atasikia makelele yao kwa masikio matupu huku spika ikibaki bila mlio wa maana. Atafungua kifaa, atalehemu upya, atamlaumu muuza spea. Popo wale hawatafuti njia kwa mwangwi. Wanategemea macho na pua.

Wazoefu hupima kifaa kwa kutikisa funguo mbele ya maikrofoni, kwa kuwa chuma kikigongana hutoa pia sauti tusizozisikia. Ni kipimo kizuri cha kujua kama betri na waya ziko sawa. Hakitoshi kwa zaidi ya hapo: funguo hutoa masafa mengi kwa mkupuo, kwa hiyo hata sensa iliyo kiziwi kwa kila kitu isipokuwa 40 na jirani zake itaitikia kwa shangwe. Mpaka wa usikivu wake umechorwa kwenye karatasi ya kiwanda, ile ambayo wengi wetu huisoma baada ya kulehemu.